Askari Aliyeyapeleleza Mawazo Yake: Maisha ya Ignatius wa Loyola

Wasomaji wetu wamezoea kusoma habari za majemadari na vita walivyopigana. Leo twawaletea maisha ya askari ambaye vita yake kubwa ilipiganwa ndani ya chumba kidogo, bila adui wa kuonekana, na ambaye nusura aupoteze uhai wake katika vita hiyo. Jina lake ni Ignatius wa Loyola, ambaye Wakatoliki wa kwetu humwita Inyasi. Wengi wanamjua kuwa mwanzilishi wa shirika la mapadre Wajesuiti. Sisi hatukusudii kuhubiri dini ya mtu yeyote. Twamtazama kama mtu wa silaha aliyeshikwa na wazo moja lisilombanduka, na namna alivyojinasua.

Tumemchagua kwa sababu iliyo karibu nasi. Kusini mashariki ya Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Humo, pahali kama Misiera, wamekaa watu wa Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha bombani na sokoni. Polisi na askari waliopata kufanya kazi upande huo wanafahamu jambo ambalo haliandikwi katika kitabu cha zamu: kwamba mtu aweza kuwa amefika mahali pa salama, na wazo lake lingali limebaki njiani. Mama aliyevuka mpaka usiku na kupotezana na mtoto huirudia njia ile ile kichwani, akitafuta pale alipokosea. Nasi tuliovaa sare tusijidanganye. Sajini aliyerudi salama kutoka operesheni, na mwenzake asirudi, huipima upya amri aliyoitoa mara mia, na kila mara huiona ina kosa jipya. Wazo la namna hiyo halijibiki. Ukilijibu, lauliza tena.

Ignatius alizaliwa mwaka 1491 katika kasri la Loyola, nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, akiwa kitindamimba katika nyumba ya kikabaila yenye watoto 13. Jina alilopewa lilikuwa Íñigo. Hilo la Ignatius alilichukua baadaye. Alipokuwa kijana alipelekwa kulelewa katika nyumba ya mweka hazina wa mfalme, huko Arévalo, akajifunza yale yaliyompasa kijana wa daraja lake: kushika upanga, kuandika hati nzuri, kucheza dansi na kuitetea heshima yake kwa wepesi mno. Alipenda nguo zimkae vizuri mwilini. Jambo hilo dogo twaomba msomaji alikumbuke. Baadaye akaingia katika utumishi wa mtawala wa Navarre.

Mwezi Mei 1521 majeshi ya Ufaransa yaliufikia mji wa Pamplona. Walinzi wa ngome walikuwa wachache, na wengi waliona heri kusalimu amri. Íñigo ndiye aliyewashawishi wapigane. Tarehe 20 Mei tufe la mzinga lilimvunja mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto, na alipoanguka yeye, ngome nayo ikaanguka. Wafaransa walimtibu kwa adabu ambayo yafaa kutajwa, kisha akachukuliwa kwao juu ya machela. Mfupa ulikuwa umeungwa vibaya; ukavunjwa upya, ukaungwa tena. Ulipopona, kipande cha mfupa kilitokeza chini ya goti, na mguu ulikuwa umefupika. Waganga wakamwambia kwamba kipande hicho chaweza kukatwa, lakini maumivu yatapita yote aliyokwisha kuyapata. Akaagiza kikatwe, hali yu macho, maana dawa ya usingizi haikuwako. Hakukubali kuishi pasipo kuvaa viatu virefu vya kubana vilivyokuwa mtindo wa waungwana wa siku zile. Hapo twamwona alivyokuwa: shujaa wa kweli, na mtumwa wa wazo.

Kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Nyumba nzima haikuwa na hata kimoja. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu, akavisoma kwa kukosa vingine. Alipovifunga, mawazo yake yalikwenda njia mbili. Mara aliwaza juu ya bibi mmoja wa ukoo wa juu sana, safari atakazofanya kwa ajili yake na maneno atakayomwambia, akakaa hivyo saa tatu au nne pasipo kutambua. Mara aliwaza kufanya matendo magumu kama ya Fransisko wa Assisi. Mawazo yote mawili yalikuwa matamu alipokuwa nayo. Lakini hatimaye akagundua tofauti: lile la kwanza likiisha lilimwacha mkavu, hana raha, la pili likiisha lilimwacha ametulia.

Huenda askari mwenzetu akasema hilo si kitu. Sisi twaliona kuwa kubwa kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Mpaka hapo alikuwa akichukuliwa na mawazo yake kama gogo katika mto. Tangu hapo akaanza kukaa ukingoni, akiyatazama yakipita. Hakuyafukuza. Aliangalia yanatoka wapi na yanamwacha wapi.

Mwezi Machi 1522 alipanda mlima wa Montserrat, akaziandika dhambi zake zote kwa muda wa siku tatu na kuziungama kwa padre, akauacha upanga na jambia lake kanisani, akakesha usiku kucha. Nguo zake za thamani alimpa maskini mmoja, yeye akavaa gunia. Polisi watapenda kusikia kwamba maskini yule alishikwa kwa tuhuma ya wizi, na ilimbidi Íñigo athibitishe kwamba nguo zile alimpa yeye.

Kutoka hapo akaenda Manresa, akikusudia kukaa siku chache. Akakaa zaidi ya miezi kumi. Mtu aliyejipenda mno sasa akajichukia kwa kiasi kile kile. Aliacha nywele na kucha zikue, akaomba chakula milangoni kwa watu, akasali saa saba kila siku. Kisha likaja wazo. Je, kweli aliungama yote kule Montserrat? Akaungama tena. Raha ilidumu kitambo, kisha wazo likarudi na kosa jingine, dogo zaidi, lililosahauliwa. Akaliungama hilo nalo. Muungamishi wake akamwagiza asiyarudie mambo ya zamani, ila kama kuna jambo lililo wazi kabisa. Agizo hilo halikumfaa kitu, kwa kuwa kwake yeye kila jambo lilikuwa wazi kabisa. Dhambi moja ilivuta nyingine kama pete za mnyororo. Alijua kwamba mambo hayo yanamdhuru, alitamani kuyaacha, asiweze. Katika chumba alichopewa na watawa Wadominikani alijiwa mara nyingi na msukumo wa kujiua.

Akajaribu nguvu, kama ilivyo desturi ya askari. Juma zima hakula wala kunywa, akitaka kulishinda wazo kwa njaa, mpaka muungamishi alipomwamuru ale. Siku mbili akawa huru. Ya tatu wazo likarudi na mnyororo wake wote. Twakaza jambo hili kwa kuwa ndilo kosa ambalo watu wa nidhamu tunalipenda. Tumefunzwa kwamba adui hushindwa kwa kuongeza nguvu. Hivyo tukisumbuliwa na wazo tunafanya kazi kupita kiasi, na wengine hunywa kupita kiasi. Kumbe wazo linalorudi hula nguvu hiyo hiyo likanenepa. Kila mara Íñigo alipokwenda kuungama upya, alikuwa analipigia saluti.

Wokovu wake ulitoka katika lile somo la kitandani. Badala ya kuzichunguza dhambi, alilichunguza wazo lenyewe: lilikujaje, lilipita njia gani, na kila mara lilimfikisha wapi. Lilikuja limevaa vazi la uchaji, na kila mara lilimfikisha kwenye kuuchukia uhai wake. Akatambua kwamba kinachofikisha huko hakitoki upande wa mema, hata kivae joho gani. Akaamua, kwa akili iliyo wazi, kwamba hataungama tena hata jambo moja la zamani. Hakuthibitisha kwanza kwamba hana hatia, wala hakungoja wazo linyamaze. Aliacha tu kulitii. Tangu siku ile alikuwa huru, naye aliishukuru huruma ya Mungu. Baadaye akakata nywele na kucha.

Kuna mfano mwingine wa Manresa ambao walinzi wa zamu za usiku watauelewa. Kila alipojilaza alijiwa na mawazo makubwa ya kiroho, matamu sana, yaliyomwibia usingizi wake mchache. Akahesabu saa alizokwisha kuzitenga kwa sala, akaona zatosha, akayaacha mawazo hayo, akalala.

Mambo hayo aliyaandika kidogo kidogo katika kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Si kitabu cha kusomwa tu. Ni kitabu cha mafunzo, na mwanafunzi huwa na mwelekezi wake. Afisa yeyote atautambua mkono wa askari ndani yake. Mwenye kutaka kuacha kosa moja huchora mistari, miwili kwa kila siku ya juma, na hutia nukta kwa kila mara alipoanguka. Huhesabu baada ya chakula cha mchana na baada ya cha jioni, kisha hulinganisha siku na siku, juma na juma. Anapoanguka huweka mkono kifuani, ishara ambayo hata akiwa mbele ya watu hakuna anayeitambua. Ni taarifa ya hali ilivyo, kama ile ya mlinzi anayekabidhi lindo. Waislamu wa pwani wanalo neno lao la kale kwa kazi inayofanana na hiyo, muhasaba, yaani kujihesabia nafsi, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitungia kitabu kizima ndani ya Ihya yake.

Ignatius alimfananisha adui wa nafsi na jemadari anayeizunguka ngome akitafuta ukuta ulio dhaifu. Alifundisha kwamba mtu akiwa katika giza la moyo asiubadilishe uamuzi alioufanya katika nuru. Tena alifundisha kwamba wazo baya hupenda siri, na likiisha kuelezwa kwa mtu mwenye busara hupungukiwa nguvu. Hili la mwisho ndilo gumu kwetu. Kambini mtu husema pasipo aibu kwamba mguu wamuuma, lakini hasemi kwamba kuna wazo linalomnyima usingizi, akichelea kuitwa mwoga au kunyang'anywa silaha. Huyu aliyekatwa mfupa hali yu macho, nani atamwita mwoga? Naye alimweleza muungamishi wake yote. Na palipo na msukumo wa kujiua, mtu hahitaji kitabu; ahitaji mwenzake wa kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Hospitali ya rufaa ya Mbarara inayo wodi ya magonjwa ya akili.

Miaka iliyofuata twaipitia upesi. Alihiji Yerusalemu mwaka 1523. Akiwa na umri wa miaka 33 alikaa darasani Barcelona pamoja na watoto, akijifunza Kilatini. Mara mbili, huko Alcalá na Salamanca, alitiwa kifungoni akichunguzwa mafundisho yake, siku 42 na siku 22, akaachiliwa. Huko Paris alimsaidia mwanafunzi mwenzake, Peter Faber, aliyeteswa na wasiwasi wa dhambi kama alivyoteswa yeye. Mwenzao mwingine, Francis Xavier, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Shirika lao lilikubaliwa na Papa tarehe 27 Septemba 1540, na tangu mwaka 1541 yeye ndiye aliyeliongoza.

Uzeeni, kati ya mwaka 1553 na 1555, aliombwa aeleze maisha yake. Akayasimulia kwa mpangilio, tangu Pamplona, kwa padre Luis Gonçalves da Câmara, akijitaja kama vile anamtaja mtu mwingine, msafiri fulani. Hatusemi kwamba wataalamu wa leo walijifunza kwake. Lakini katika Nakivale yenyewe wakimbizi walifunzwa kwa majuma sita kuwahudumia wakimbizi wenzao. Njia moja waliyotumia ilikuwa kumsaidia mtu asimulie maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, huku yakiandikwa na kusomwa mbele yake. Nyingine ilikuwa mazungumzo ya ushauri. Matokeo ya wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya waliohudumiwa kwa njia hizo mbili, karibu theluthi mbili au zaidi hawakuwa tena na ugonjwa wa kushikwa na mambo ya kutisha yaliyopita. Kati ya wale ambao hali yao ilifuatiliwa tu, ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Na katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini ya Uganda, wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini walishiriki katika jaribio la mafunzo ya kuyatazama mawazo mazito yakija na kupita pasipo kugombana nayo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliofunzwa walipata nafuu.

Jioni ya tarehe 30 Julai 1556, huko Roma, Ignatius alimwomba katibu wake aende kumtakia baraka ya Papa, kwa kuwa kifo chake kilikuwa karibu. Waganga hawakuona hatari, na katibu alikuwa na barua za kupeleka. Akauliza kama jambo hilo laweza kungoja hadi kesho. Mgonjwa akasema angependa leo, lakini akamwachia katibu afanye aonavyo vema, asilirudie tena neno hilo. Alfajiri alikutwa yu katika kukata roho. Mguu wake wa kulia ulikuwa ungali mfupi. Tangu Pamplona alikuwa ametembea kwa kuchechemea miaka 35.