Alois Alzheimer: daktari aliyeonyesha kuwa kusahau kunaweza kuwa ugonjwa

Msikilizaji wetu, uwe Pasiansi, Igombe au ng'ambo kule Sengerema, huenda unamjua bibi ambaye siku hizi anapotea njia aliyoizoea, au anauliza jambo moja mara tano. Kanda yetu ya Ziwa imepoteza vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu tu ya macho mekundu. Mzee anayebadilika tabia naye hunyooshewa kidole upesi. Ndiyo maana leo tunamkumbuka daktari huyu.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 huko Marktbreit, Ujerumani. Mwaka 1888 alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Alichunguza ubongo wa marehemu kwa hadubini, akaonyesha kwamba baadhi ya wazee akili zao huharibika kwa sababu mishipa ya damu kichwani imekakamaa.

Novemba 1901 alipokelewa mama wa miaka 51, Auguste Deter, aliyeshindwa hata kuandika jina lake. Alzheimer alimuuliza maswali kwa uvumilivu na kuandika majibu. Mama huyo alifariki Aprili 1906, na ubongo wake ukapelekwa Munich, alikohamia daktari. Aliukuta umesinyaa, una madoa, na ndani ya seli zake mna nyuzi zilizosokotana. Novemba hiyo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, lakini hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer. Yeye alifariki tarehe 19 Desemba 1915, akiwa na miaka 51.

Alzheimer ilimbidi angoje mgonjwa afe ndipo auone ubongo. Leo kipimo cha MRI huupiga picha mtu akiwa hai, hata kusahau kukiwa bado kudogo. Sehemu ya kumbukumbu ikiwa imesinyaa, daktari hushuku ugonjwa wa Alzheimer. Yakionekana makovu ya mishipa midogo, hushuku madhara ya presha au kisukari, na hapo kudhibiti presha kunaweza kusaidia. Picha peke yake haitoshi. Maswali na kusikiliza bado vinahitajika.

Basi mzee akianza kusahau, mpeleke kituo cha afya apimwe presha na sukari. Afuatane na mtu anayeishi naye, aeleze mabadiliko yalianza lini. Huyo ni mgonjwa, si mchawi.