Bibi Salme binti Said: Binti wa Sultani Aliyekimbia Kwao



Kila toleo la kumbukumbu huwa na ukurasa wa maisha ya mtu mmoja wa zamani. Safari hii tumemchagua Bibi Salme binti Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844 na kufariki mwaka 1924. Sisi tulioandika ukurasa huu ni wazazi wa kambi hii tunaokaa Gisimenti, Kigali, kwa sababu ya kazi na shule za watoto. Hapa Gisimenti, kwenye njia panda ya Remera, tunakutana kila siku na watu wa Goma, Bukavu, Bujumbura na Tanzania, na lugha inayotuunganisha ni Kiswahili. Lugha hiyo ilipanda bara pamoja na misafara iliyotoka pwani, na mji mkuu wa biashara ile ulikuwa Unguja, kwa baba yake Bibi Salme.

Najua wengine watauliza, sisi watu wa Kongo tuna shauri gani na binti wa Sultani? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Tusome kwanza maisha yake.

UTOTO WAKE

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi, karibu na Bahari Nyeusi. Alinyang'anywa kwa wazazi wake akiwa mtoto mdogo, akauzwa. Kwa hiyo ndani ya jumba lile la kifalme, mama mwenyewe alikuwa mtu aliyepotezwa na kwao. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36.

Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuhesabiwa kuwa kazi ya mwanamke. Salme hakuridhika. Alichukua Kurani, akaiga herufi zake moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Tafadhali msisahau mfupa huo, maana tutaurudia. Kaka yake Majid alimfundisha pia kupanda farasi na kulenga shabaha.

UGOMVI WA NDUGU

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Mwaka 1859 mama yake Salme naye akafariki kwa kipindupindu. Msichana akabaki yatima mwenye umri wa miaka 15, akiwa na mashamba na pesa za urithi.

Mwaka huohuo ukoo ukagawanyika. Majid ndiye aliyekuwa Sultani, na mdogo wake Bargash alitaka kumwondoa. Salme alivutwa upande wa Bargash na dada yake aliyempenda sana, Bibi Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa karani wa kundi hilo, akaandika barua za siri. Majid alisaidiwa na manowari za Waingereza, uasi ukashindwa, na Bargash akapelekwa Bombay, India, kwa muda wa miaka miwili.

Salme alihamia shamba, mbali na mji. Baadaye alipatana na Majid, ambaye alimsamehe. Bargash na wenzake hawakumsamehe kwa kupatana huko. Hivyo kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amekwisha kosana na pande zote mbili kwa zamu, na deni la ugomvi ule alilipa maisha yake yote.

KUKIMBIA

Aliporudi mjini alipanga nyumba jirani na Mjerumani mmoja, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Wakapendana, na Salme akapata mimba. Mtu wa ukoo wa Sultani kuzaa na Mkristo nje ya ndoa lilikuwa jambo la kumtia katika hatari ya kuuawa. Mwezi wa Agosti 1866, siku ya sherehe ya Mwaka, ambayo watu huteremka kuoga baharini, aliingia katika mashua akapelekwa kwenye manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Alikuwa anakaribia miaka 22.

Manowari ilimpeleka Aden. Hapo alikaa miezi kadhaa akimngoja Ruete, ambaye alikuwa bado na shughuli zake Unguja, na hapo alijifungua mtoto wa kiume. Mama zetu waliojifungua njiani, baina ya nyumba waliyoiacha na mahali wasipopajua, hawahitaji kuelezwa kungoja huko kulikuwaje. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyohiyo, wakaondoka kwenda Ulaya. Mtoto yule alifariki wakiwa safarini.

MJANE KATIKA NCHI YA UGENI

Huko Hamburg Bibi Salme hakujua Kijerumani. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili nyumbani. Walijaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Kila mtoto alipewa pia jina la kwao mama: Thawka, Said na Ghuza.

Mwezi wa Agosti 1870 Bwana Ruete alipata ajali ya tramu mjini Hamburg, akafariki baada ya siku chache. Mtoto mdogo alikuwa na miezi minne tu. Miezi miwili baadaye Majid naye akafariki huko Unguja, na aliyeshika kiti cha usultani akawa Bargash, yule asiyemsamehe. Katika majira ya mvua moja, kama tunavyosema sisi wakulima, mama huyu alipoteza mume hapa na mlango wa nyumbani kule.

Mali ilipungua haraka. Alihama mji kwa mji akitafuta maisha ya bei nafuu: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Cologne. Alifundisha Kiarabu kwa malipo. Binti wa Sultani, aliyekuwa na watumwa wa kumtumikia, sasa alikuwa akihesabu kuni na makaa ya baridi.

KUBISHA HODI

Kwa miaka mingi Bibi Salme alitaka mambo mawili: kupatana na kaka yake, na kupata urithi wake. Mwaka 1875 Bargash alipofika London, naye alisafiri kwenda huko. Mkubwa mmoja wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, alimshauri asimwendee Sultani, akamwahidi kwamba watoto wake wataangaliwa. Salme akatii. Bargash akaondoka, na baada ya hapo serikali ya Uingereza ikajibu kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, haimhusu. Alikuwa amebadilisha nafasi aliyokuwa nayo mkononi kwa neno la mdomo.

Mwaka 1885 Wajerumani wenyewe walimpeleka Unguja, yeye na watoto wake. Wakati huo manowari zao zilikuwa zimetia nanga mbele ya jumba la Bargash ili kumlazimisha akubali madai yao katika nchi ya bara. Dada mwenye malalamiko, raia wa Ujerumani, alikuwa fimbo moja zaidi ya kumtishia. Bargash alikubali madai ya Wajerumani lakini alikataa kumwona dada yake. Wajerumani walipopata walichotaka, shauri la Bibi Salme liliwekwa kando. Alipita katika njia za mji alimozaliwa, watu wa kawaida wakamsalimia kwa furaha, kisha akarudishwa merikebuni.

Madai yale ya 1885 ndiyo yaliyokua yakawa koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki. Rwanda na Burundi ziliingizwa ndani yake, na mwaka 1907 Daktari Richard Kandt alijenga kituo cha serikali yao hapa Kigali. Kwa hiyo tunaopita Gisimenti leo tunatembea katika mji ambao mwanzo wake umeungana, kwa mbali, na safari ya mjane yule aliyekwenda kutafuta urithi wa watoto wake.

Mwaka 1888, baada ya kifo cha Bargash, alijaribu tena. Alikataliwa tena. Hapo alivunjika moyo na Ujerumani pia, akaenda kukaa Jaffa, halafu Beirut tangu 1892 hadi 1914, mahali ambapo angalau alisikia Kiarabu na adhana. Mwisho alirudi Ujerumani. Mwaka 1923 serikali ya Zanzibar ilimpa malipo madogo ya uzeeni, paundi 100 kwa mwaka. Tarehe 29 Februari 1924 alifariki mjini Jena, akiwa na miaka 79. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga kutoka Unguja, alioutunza miaka yote. Alizikwa Hamburg, kando ya mumewe, na mchanga ule pamoja naye.

KILICHOBAKI

Sasa turudi kwenye ule mfupa wa ngamia. Mwaka 1886 Bibi Salme alitoa kitabu cha maisha yake huko Berlin. Mpaka leo watu husoma humo jinsi nyumba ya Seyyid Said ilivyoamka, ilivyokula, ilivyolea watoto na ilivyozika. Wanaume wakubwa waliomtuma huku na huku waliandika habari zake katika mafaili yao, lakini yeye aliandika mwenyewe. Mwanawe Rudolph Said alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said, kilichotoka mwaka 1929. Mtoto aliyezaliwa Hamburg alijua ukoo wake kwa sababu mama hakunyamaza.

Lakini tuliahidi kutokwepa swali la mwanzo. Utajiri wa nyumba ile ulitokana na karafuu, na karafuu zililimwa na watumwa. Wengi walitolewa bara, na baadhi yao Manyema, kwa babu zetu, wakapitishwa Ujiji na Tabora hadi pwani. Bibi Salme katika kitabu chake aliutetea utumwa, ingawa mama yake mwenyewe alikuwa ameuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 chini ya Bargash kwa kulazimishwa na Waingereza, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Tunasema haya ili vijana wetu wajue kwamba kuumia hakumfanyi mtu aone maumivu ya mwenzake. Sisi tulioumia tujichunguze tunavyomtendea jirani wa kabila jingine kwenye foleni ya maji.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, wazazi. Kila kitu cha Bibi Salme kiliweza kunyang'anywa: mashamba, jina, uraia, hata hodi ya nyumbani. Kalamu haikunyang'anywa. Binti anayeachishwa shule ili achote maji ananyimwa mali ambayo haichomwi moto wala haiachwi mpakani. Na watoto waambiwe majina ya babu, mito na vijiji vyetu, hata kama wamezaliwa hapa. Tusingoje waulize.

Pili, familia. Siku hizi familia zetu zinagawanyika: mmoja anapata safari ya ng'ambo, mwingine anabaki, mwingine anarudi nyumbani. Maneno makali husemwa kwa simu, juu ya pesa au juu ya nani aliandikwa kwenye karatasi ya nani. Bargash na dada yake walipata miaka karibu 30 ya kupatana na hawakupatana. Kifo hakikuwangoja.

Tatu, ndugu zetu wa mashirika na wa serikali, na hapa tunasema kwa heshima. Mjane aliye mbele ya meza yako hana nafasi nyingi. Ukimwambia angoje, mwambie angoje nini na mpaka lini, na umwandikie. Ukijua jibu ni hapana, mpe hapana hiyo leo. Ahadi ya London ilimgharimu Bibi Salme siku ambayo haikurudi. Na picha yake na kilio chake visitumiwe kwa shauri jingine ambalo yeye halijui.

Nne, sisi wenyewe. Tuendelee kubisha hodi, kwa kuwa haki haiombwi mara moja. Lakini tusiyaache maisha yetu yote mlangoni. Bibi Salme alipokuwa akingoja, alilea watoto watatu, akafundisha, akaandika. Hayo aliyoyafanya wakati wa kungoja ndiyo yaliyobaki.

Kamati inawaomba wazee wenye kumbukumbu za safari zao wawaite vijana wanaojua kuandika, wakae nao, habari ziwekwe katika daftari. Daftari zitakazoletwa zitahifadhiwa, na mwenye habari atabaki na nakala yake mkononi.