Nyumba ya Udongo ya Kwihara

Reli itokayo Mwanza hupita Shinyanga, kisha huelekea kusini hata Tabora. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ya udongo, yenye kuta nene na paa la bapa, kwa namna ya tembe. Apitaye njiani huenda asiijali. Lakini nyumba hiyo imefanywa makumbusho, kwa sababu ya mtu aliyekaa pale zamani, jina lake David Livingstone.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akafanya kazi tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Hata hivyo hakuacha kusoma. Aliweka kitabu juu ya mtambo wake, akasoma kidogo kidogo kila alipopita mbele yake. Kwa bidii hiyo akawa daktari na mmisionari, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841.

Alisafiri miaka mingi katika bara letu, akaona vijiji vilivyochomwa moto na watu waliofungwa kongwa shingoni. Mwaka 1861, katika nchi ya mto Shire, yeye na wenzake waliukuta msafara wa watumwa, wakawafungua. Miongoni mwa waliofunguliwa alikuwamo kijana wa Kiyao aitwaye Chuma. Likumbukeni jina hilo.

Safari yake ya mwisho aliianza mwaka 1866. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Mara wafanya biashara wakawapiga watu bunduki, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni; hesabu yao ilikadiriwa kati ya watu 330 na 400. Livingstone akarudi Ujiji, mgonjwa na mwenye huzuni, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa. Huko ndiko Stanley alikomkuta mwaka ule ule. Wakasafiri pamoja, wakafika Kwihara mwezi wa Februari 1872.

Hapa yafaa tuseme kweli yote. Nyumba ile haikujengwa na watu waliopinga utumwa. Ilikuwa nyumba ya Waarabu wa Unyanyembe, ambao utajiri wao ulitokana na biashara ya pembe na ya watumwa. Livingstone mwenyewe mara nyingi alisafiri pamoja na wafanya biashara wa namna hiyo, akala chakula chao, maana bila msaada wao angalikufa njiani. Naye akakaa chini ya paa lao, akiandika barua za kuishitaki biashara yao.

Stanley alimsihi warudi pamoja Ulaya, lakini alikataa. Akabaki Kwihara mpaka tarehe 25 Agosti, akiwangoja wachukuzi kutoka pwani. Tarehe 1 Mei 1872 alimaliza barua kwa gazeti moja la New York. Ndani yake aliwaombea baraka watu wa taifa lo lote watakaosaidia kuliponya donda la utumwa. Maneno hayo yamechorwa juu ya kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey, mjini London. Basi maneno yaliyo juu ya jiwe kule London yaliandikwa Kwihara, kati ya kuta za udongo.

Mwaka mmoja baadaye, mwanzoni mwa Mei 1873, alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wake juani, wakauchukua. Mwezi wa Oktoba wakafika Kwihara. Hapo Cameron, afisa Mwingereza, aliwashauri wamzike. Wakakataa, wakaendelea hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hivyo yule aliyefunguliwa kongwa akawa mmoja wa waliomfikisha pwani aliyemfungua.

Livingstone hakusikia kwamba tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kuyafunga masoko ya watumwa. Wala kazi haikuisha siku ile: katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922.

Mnajua ninyi wenyewe jinsi mvua inavyokula ukuta usiokandikwa. Tembe ya kwanza ya Kwihara ilibomoka, ikajengwa upya kwa mfano wa ile ya kale. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Livingstone ana jiwe lake London, naye hatasahauliwa upesi. Lakini maelfu waliopita njia ile ya Tabora wakiwa wamefungwa hawana jiwe, wala majina yao hayakuandikwa. Nyumba ile ni kumbukumbu yao pia. Tukiuacha udongo wake uanguke, tutakuwa tumewasahau wao kwanza.