Arsenio Rodríguez: kipofu aliyeipanga upya bendi ya dansi

Ukitaja salsa, majina yanayokuja haraka kichwani ni Celia Cruz, Tito Puente, Johnny Pacheco na wengineo. Safi sana, hao ni vigogo na heshima yao ipo palepale. Ila kuna mzee mmoja wa Cuba ambaye wengi wao walichota kisimani kwake, na vijana wengi hata jina lake hawalijui. Anaitwa Arsenio Rodríguez. Alikuwa haoni kabisa, lakini ndo aliyeipanga bendi ya dansi ya Kilatini ikawa vile tunavyoijua.

Arsenio alizaliwa Agosti 1911 huko Güira de Macurijes, mkoa wa Matanzas. Matanzas ni nchi ya mashamba ya miwa, na miwa maana yake watumwa. Cuba ilifuta utumwa mwaka 1886, yaani miaka 25 tu kabla hajazaliwa. Kwao walikuwa kizazi cha watu waliochukuliwa Kongo, na hapa usifikirie mipaka ya leo tu, ni ile Kongo ya kale iliyoingia mpaka Angola. Wazee wa ukoo wake walikuwa bado wanazijua ngoma, nyimbo na mambo ya dini ya Kikongo. Dogo akakulia humo humo.

Akiwa bado mtoto alipigwa teke na mnyama kichwani, akapoteza macho yote mawili. Kwa mtoto maskini wa kijijini miaka hiyo, hapo ungesema maisha yamekwisha. Yeye akashika ngoma, halafu akashika tres, gitaa dogo la Cuba lenye nyuzi jozi tatu. Mwaka 1926 kimbunga kiliharibu nyumba yao mjini Güines, familia ikahamia Havana. Huko akaanza kuhangaika na vikundi vidogo vya son, muziki wa watu wa kawaida uliochanganya gitaa la Kihispania na mapigo ya Kiafrika.

Jina lake lilianza kusikika mwaka 1937, lakini kwa mlango wa nyuma. Wimbo wake Bruca maniguá ulirekodiwa na Orquesta Casino de la Playa, mwimbaji akiwa Miguelito Valdés. Wimbo huo unamhusu mtumwa Mwafrika anayelalamikia mateso ya bwana wake na kutaka uhuru, tena umechanganya Kihispania na maneno ya Kikongo. Sasa angalia hii: Casino de la Playa ilikuwa bendi ya Wazungu wa Cuba kwa sehemu kubwa, inayopiga kwenye kumbi za wenye nazo. Kumbi kama hizo mtu mweusi kama Arsenio hakukaribishwa. Wimbo unaingia kwa mlango wa mbele, mtunzi anabaki nje. Mchezo huo ulimfuata maisha yake yote.

Tuje kwenye kazi yenyewe sasa. Mwaka 1940 Arsenio aliunda bendi yake, ile inayoitwa conjunto. Kabla ya hapo vikundi vya son vilikuwa vidogo: gitaa, tres, besi, bongo, marakas, vijiti vya klave na tarumbeta moja. Arsenio akaongeza tarumbeta zikawa mbili, baadaye tatu. Akaleta piano. Na akaingiza konga, ile ngoma ndefu ya mtaani ambayo watu wa tabaka la juu waliidharau wakiiona ni ya kishenzi. Ngoma hiyo akampa mdogo wake, Kike.

Hii haikuwa kujaza watu jukwaani tu. Kila chombo alikipa kazi yake. Besi inaruka pigo fulani, konga inalijaza, tres na piano zinazunguka katikati, wapuliza tarumbeta wanajibizana juu. Ukimtoa mmoja unaona pengo. Na mwendo aliuweka wa taratibu, mzito, siyo wa kukimbizana. Halafu kwenye nusu ya mwisho ya wimbo, hadithi inaisha na kinaanza kipande cha kurudiarudia ambacho wenyewe wanakiita montuno. Mwimbaji anaita, wenzake wanaitikia, tarumbeta zinapanda moja juu ya nyingine, na ukumbi mzima unachemka. Sisi tuliozoea dansi la Kongo, mara moja tunakumbuka lile sebene, pale mtu anapoacha kiti chake hata kama alikuja na mawazo.

Kikosi chake nacho si mchezo. Kwenye piano alikuwepo Lilí Martínez, kwenye tarumbeta Félix Chappottín, mwimbaji Miguelito Cuní. Walirekodi RCA Victor na walipiga sana kwenye bustani za La Tropical pamoja na vilabu vya watu weusi Havana. Watu wakampa jina la Kipofu wa Maajabu.

Mwaka 1947 akasafiri kwenda New York. Lengo kubwa lilikuwa macho. Huko kulikuwa na bingwa wa upasuaji wa macho, Dokta Ramón Castroviejo, na Arsenio alikwenda na matumaini kibao. Jibu likawa hakuna linalowezekana, mishipa ya kuonea imeharibika kabisa. Kutokana na pigo hilo akatunga bolero La vida es un sueño, yaani maisha ni ndoto. Hadi leo ni kati ya bolero zinazopendwa sana za Cuba, na wengi wanaocheza nayo kifua kwa kifua hawajui imetoka kwenye maumivu gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akahamia Marekani moja kwa moja, bendi ya Havana akamwachia Chappottín. Wakati huo dunia nzima imepagawa na mambo. Pesa na sifa zikaenda kwa Pérez Prado, na pale New York kwa bendi kubwa za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez. Arsenio alidai mpaka mwisho kwamba mambo imetoka kwake, kwenye kile kipande cha tarumbeta alichokiita diablo. Wengine wanasema ilianzia kwa ndugu wawili, Orestes na Cachao López, waliotoa danzón yenye jina Mambo mwaka 1938. Ubishi huo haujaisha. Kisichobishaniwa ni kwamba mkono wake umo.

New York haikumpokea kama Havana. Mwendo wake mzito ulionekana wa zamani kwa vijana waliotaka kasi. Aliendelea kupiga kumbi za Harlem na Bronx, akajaribu mtindo mpya aliouita quindembo, lakini chati hazikumtaka. Mwishowe akahamia Los Angeles, na huko akafariki tarehe 30 Desemba 1970 akiwa na miaka 59. Alizikwa jimbo la New York, kwenye makaburi ya Ferncliff, na kwa muda mrefu kaburi lake halikuwa hata na jiwe la jina.

Sasa sikia hii. Mwaka 1971, miezi tu baada ya kufa kwake, Larry Harlow wa kampuni ya Fania akatoa albamu nzima ya kumuenzi. Salsa ikalipuka, na mpangilio uliotumika na wengi ulikuwa ni uleule wa conjunto: tarumbeta, piano, konga, na montuno mwishoni. Mwaka 1974 Fania All Stars wakatua Kinshasa na uwanja ukafurika. Mapigo yaliyotoka Kongo na minyororo yakarudi Kongo kwa ndege, na mjukuu wa Wakongo aliyeyapanga yuko kaburini.

Hata sisi tumo. Santuri za son ya Cuba zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Wanamuziki wa Kongo wakazigeuza kuwa rumba yao, na homa ikafika huku kwetu. Pale Morogoro, marehemu Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba, na hakulitoa hewani jina hilo.

Kwa hiyo ukiwa hapo kafe na dakika zimebaki, vaa hedifoni utafute Bruca maniguá na La vida es un sueño. Sikiliza konga kwanza, halafu tres. Kisha tuambie hapo chini: hapa kwetu nani aliyejenga muziki, wengine wakala matunda, yeye akasahaulika? Tajeni majina, wadau.