Dijkstra: Mtaalamu aliyehofia ishara ya kompyuta, kisha akaitawala

KILA mtumiaji wa kompyuta anapoamuru waraka uchapwe, kisha akaendelea kuandika mwingine bila kuisubiri printa, ananufaika na kazi iliyowahi kumnyima raha Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyefariki dunia Agosti 6, 2002 akiwa na umri wa miaka 72.

Dijkstra alizaliwa mjini Rotterdam, baba yake akiwa mwalimu wa kemia na mama yake mwanahisabati. Mwaka 1952 aliajiriwa kuandika programu katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, enzi ambazo kazi hiyo haikutambulika. Alipofunga ndoa mwaka 1957, maofisa walikataa kuiandika katika cheti, akaandikishwa kuwa mwanafizikia.

Wakati huo wenzake wawili, Bram Loopstra na Carel Scholten, walikuwa wakisanifu kompyuta ya X1. Wakamletea wazo lililomtia kiwewe: badala ya kompyuta kukaa bure ikisubiri kifaa cha mwendo wa kobe kimalize kuchapa herufi, iendelee na hesabu nyingine, na kifaa kikimaliza kiikatize kwa ishara.

Faida ilikuwa dhahiri. Hata hivyo, ishara hiyo ingeweza kuingia wakati wowote, katikati ya hesabu yoyote, na kosa la leo lisingejirudia kesho ili lichunguzwe. Aliyewahi kupeleka gari bovu gereji, likafika kwa fundi likinguruma vizuri, ataielewa hofu hiyo.

Dijkstra aliahirisha uamuzi kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali. Ndipo akaandika programu iliyohifadhi hali ya kazi iliyokatizwa, ikakihudumia kifaa, kisha ikairejesha kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Jambo hilo likawa kiini cha tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959.

Eindhoven, alikokuwa profesa tangu 1962, alikwenda mbali zaidi kwa kubuni semafori, jina lililotokana na ishara za reli. Programu inayosubiri data hulazwa. Kifaa kikikamilisha kazi yake, huamshwa. Katika mfumo endeshi wa THE, aliouelezea kwa wanataaluma mwaka 1968, misukosuko ya vifaa ilifungiwa katika tabaka za chini, na programu za watumiaji hazikuiona kabisa.

Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1972, na kuanzia 1984 hadi 1999 alifundisha Austin, Marekani. Ajabu ni kwamba makala zake aliendelea kuziandika kwa kalamu ya wino.