Ibn al-Haytham: Bingwa wa nuru aliyejitia wazimu

WAPIGA PICHA wanaovua lenzi ya kamera ya dijitali na kuweka mahali pake kifuniko chenye kitundu cha sindano wanarejelea, pengine bila kujua, majaribio ya mtaalamu aliyeishi miaka elfu moja iliyopita.

Al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 965 hivi. Ubingwa wake katika hesabu ulimfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimiya aliyetawala Misri. Inasimuliwa kwamba msomi huyo alikuwa amedai angeweza kudhibiti maji ya mto Nile, naye khalifa akamwita atimize ahadi. Alipofika kusini, karibu na Aswan, na kuyaona majengo makuu ya kale, aling'amua kwamba waliojenga vile wangalikwisha kuuzuia mto huo lau ingaliwezekana.

Kurejea mikono mitupu mbele ya mtawala aliyezoea kuwaua maafisa wake kulikuwa hatari. Hivyo basi, alijitia wazimu. Alifungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021, na hapo akili zikamrudia mara moja!

Wasomi wengi wanakadiria kuwa miaka hiyo ya kifungo ndiyo iliyozaa Kitab al-Manazir, kazi ya juzuu saba kuhusu nuru na kuona. Euclid na Ptolemy walikuwa wamefundisha kwamba jicho hutoa miale. Ibn al-Haytham alishikilia kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni.

Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ilitupa doa lake ukutani. Moja ilipozibwa, doa lake pekee lilitoweka, na ilipofunuliwa likarudi pale pale. Ilidhihirika kwamba miale hupita tunduni kwa mstari ulionyooka bila kuchanganyika. Ndiyo sababu taswira hutokea ikiwa juu chini. Aidha, katika risala kuhusu kupatwa kwa jua alieleza kwamba umbo la hilali huonekana tu tundu likiwa dogo.

Suala hilo la ukubwa wa tundu lingali linawashughulisha wapiga picha. Likiwa pana, picha huwa na ukungu; likiwa dogo kupita kiasi, nuru hutawanyika kwenye kingo na ukungu hurejea. Kwa kamera nyingi za dijitali, tundu la takriban milimita 0.3, lililotobolewa kwenye kipande cha mkebe wa soda, hufaa. Hata juani, kamera hulazimika kutulia kwa sekunde nzima au zaidi, na kila chembe ya vumbi iliyo ndani yake hujitokeza pichani. Hata hivyo, matokeo huonekana papo hapo, na sindano nyingine ikajaribiwa.

Ibn al-Haytham mwenyewe hakuwa na njia ya kuhifadhi alichokiona ukutani. Baada ya kuachiliwa aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akijikimu kwa kunakili vitabu vya hesabu, hadi alipofariki jijini Cairo mnamo mwaka 1040 hivi. Kazi yake ilitafsiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Basel mwaka 1572. Ni katika Kilatini hicho ambamo chumba huitwa kamera.