Golgi, daktari aliyejua homa ya malaria inapanda saa ngapi

Kama umesoma biolojia Form One, iwe Lodwar au Kakuma, jina Golgi umeliona kwenye mchoro wa seli. Wengi hulikariri tu ili mtihani upite. Kumbe ni mtu.

Camillo Golgi alizaliwa Italia mwaka 1843. Akiwa daktari mjini Abbiategrasso aligeuza jikoni kuwa maabara, na mwaka 1873 akapata mbinu ya kuzitia seli za ubongo rangi nyeusi.

Lakini kazi inayogusa Turkana, ambako mto Tarach ukijaa mbu nao hawakawii, aliifanya mwaka 1885 na 1886. Alipima damu ya wagonjwa wa malaria tena na tena, akaona vijidudu vikikua ndani ya seli nyekundu, vikigawanyika, kisha seli zinapasuka karibu kwa pamoja. Hapo ndipo mtu huanza kutetemeka. Aina moja ilirudi kila saa 48, nyingine 72.

Kupasuka huko ndiko hemolisisi: hemo ni damu, lisisi ni kuvunjika. Ndilo neno lile lile la seli nyekundu ikitiwa kwenye maji matupu. Falsiparamu, malaria iliyozagaa Kenya, haifuati ratiba safi hivyo. Unaweza kujisikia poa leo huku vijidudu vikijipanga kwenye seli nyingine, na kila mpasuko unakupunguzia damu.

Mwaka 1906 alipata Nobel pamoja na Ramón y Cajal, na katika hotuba yake akampinga mwenzake huyo waziwazi! Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Golgi alifariki Pavia mwaka 1926.